Kingereza cha kutarajia kimegoma? Kagua expect, anticipate, hope na ndugu zao hapa

Hii nawaandikia wote mnaoandika barua na meseji za Kingereza kwenda kwa watu wa nje, wale wa kahawa Mbozi, wa parachichi Rungwe na Njombe, mnaopokea wageni wa hifadhi ya Ruaha pale Iringa, na wadogo zangu wa vyuo mnaohangaika na barua za fildi na kazi. Nipo steshenari hapa Mwanjelwa, Mbeya, barua zinapita mkononi kutwa nzima, na naona sehemu inayowasumbua watu kuliko zote ni namna ya kusema kitu ambacho hakijatokea bado ila unaona kinakuja. Kwa Kiswahili chetu neno moja linabeba karibu kila kitu. Nategemea kusafiri kesho, nategemea mvua wiki ijayo, nategemea utanilipa, tunategemea mtoto mwezi wa nane, namtegemea kaka kwa ada. Mwingereza hapo hatumii neno moja, na ukimchanganyia anaelewa kitu ambacho wewe hukukisema.

Nimepanga kwa dalili. Anza na kile unachokiona kwenye barua yako au kwenye jibu ulilorudishiwa, alafu ushuke kwenye chanzo. Kama dalili siyo yako ruka nenda inayofuata.

Umeandika "I depend to travel" na mtu hajakuelewa

Hii ndo inaongoza. Chanzo ni hilohilo nategemea, ukilipeleka kama lilivyo Mwingereza analisikia upande mmoja tu, upande wa kuegemea. "Depend" asili yake kwenye Kilatini ni kuning'inia, kwahiyo lazima useme umening'inia kwenye nini, ndo maana linatembea na "on" na halitaki "to" hata siku moja. Upande mwingine wa nategemea, ule wa kuona kitu kinakuja, huo ni "expect".

Kipimo chake chukua sentensi yako ya Kiswahili, toa nategemea weka natarajia. "Nategemea kumaliza chuo mwezi wa saba", natarajia kumaliza, imekaa vizuri, basi andika "I expect to finish in July". "Namtegemea mjomba kwa ada", namtarajia mjomba kwa ada, imekataa, basi ni "I depend on my uncle for fees". Ila kuna sentensi zinakubali kotekote na hizo ndo za kuwa nazo makini. Mkulima wa mpunga kule Mbarali ambaye shamba lake halifikiwi na mfereji akisema "mwaka huu nategemea mvua", anaweza akawa anaona dalili za mvua kunyesha, "I expect rain this year", au anasema hana maji mengine zaidi ya hayo ya mbinguni, "I depend on rain". Mtu wa mradi akisoma ya kwanza anaona mkulima ana matumaini, akisoma ya pili anaona mkulima yuko kwenye hatari na anahitaji kusaidiwa maji. Ni barua mbili tofauti kabisa hizo. Wewe unayemchapia mtu barua muulize kwanza anamaanisha ipi, usimchagulie.

Umeandika "except" au "accept" na kompyuta haijapiga mstari mwekundu

Haiwezi kupiga maana yote matatu ni maneno halali. "Accept" ni kukubali, "except" ni isipokuwa, "expect" ni kutarajia, na kwa matamshi yetu yanatoka mdomoni karibu sawa kwahiyo mkono unaandika lolote. Hili naomba mlichukulie serious kwa sababu linagusa pesa. Mnunuzi wa parachichi anauliza bei yake mmeikubali au la, mtu anamjibu "We expect your price". Kule upande wa pili anaelewa kwamba bado mnasubiri awatumie bei. Mwingine anajibu "We except your price", hapo amesema tunakubaliana yote kasoro bei. Mzigo umeshachumwa, parachichi za Hass ziko kwenye kreti, na mnunuzi anasoma email mara mbili haelewi kama kuna biashara au hakuna.

Njia ya kulishika ni hii. "Expect" limetoka kwenye Kilatini cha kutazama, ni ukoo mmoja na "inspect" kukagua na "spectator" mtazamaji, ile s yake tu imemezwa na x. Na sisi tumefanya hivyohivyo, kutoka tazama tukapata tazamia. Kwahiyo kama moyoni unamaanisha kutazamia, angalia kwenye neno lako kuna "pect" mwishoni, ukiona "cept" ujue umeshaingia kwenye ukoo mwingine.

Umedai hela yako kwa adabu ila mteja kanuna

Angalia kama uliandika "I expect you to pay on Friday". Watu wengi wanaiandika wakidhani wamesema natarajia utanilipa Ijumaa, kumbe Mwingereza amesikia nataka unilipe Ijumaa na usiponilipa tutaonana wabaya.

Chanzo kiko kwenye umbo la sentensi. "I expect the money on Friday" ni hesabu zako tu, unasema unavyoona mambo yatakwenda. "I expect to receive the money on Friday" nayo ni salama. Ila ukishaweka mtu katikati, "I expect you to", umeshamvisha wajibu, hiyo ni lugha ya bosi kwa mfanyakazi au mwalimu kwa mwanafunzi. Ndo maana barua ya kazi ikikuandikia "You are expected to report at 8:00 a.m." wadogo zangu msije mkaisoma kama matarajio ya kwamba mkijaliwa mtafika, hiyo ni amri, saa mbili asubuhi uwe umeshakaa kwenye kiti.

Kuna kisa cha kweli kinaonesha hili vizuri. Tarehe 21 Oktoba 1805, kabla ya vita vya baharini vya Trafalgar, Nelson aliyekuwa anaongoza meli za Uingereza alitaka kuwatumia mabaharia wake ujumbe wa kuwatia moyo, kwamba England ina imani kila mtu atafanya wajibu wake. Neno alilotaka yeye lilikuwa "confides", yani inawaamini. Enzi zile ujumbe ulikuwa unapandishwa kwa bendera, na kitabu cha bendera kilikuwa na maneno yenye alama zake tayari, lisilokuwemo ilibidi liandikwe herufi moja moja. Afisa wake wa bendera, Pasco, akamwambia "confides" halimo, ila "expects" limo, lingeokoa muda. Nelson akakubali, ikapanda "England expects that every man will do his duty". Sentensi imekuwa maarufu mpaka leo, lakini ile imani aliyotaka kuionesha iligeuka ikawa kitu kizito zaidi, nchi inadai kwako. Na bendera zenyewe zilibadilisha neno moja tu.

Sasa wewe una nafasi ya kuandika neno lolote unalotaka, kwahiyo chagua. Ukumbusho wa kwanza "We hope to receive your payment by Friday". Wa pili "We would be grateful if you could pay by Friday". Hiyo "We expect you to pay by Friday" iache mpaka uvumilivu umekuishia kweli, ukiitoa mapema hubaki na neno la kupandia.

Na kuna upande wa pili wa hilihili, mgeni wa Kiingereza ameshuka uwanja wa ndege wa Songwe anakwambia "I expect you're tired". Wadada wa mapokezi wanaogopa, wanadhani anawalaumu kwa kuchoka. Hapana. Waingereza wanatumia "I expect" kusema nadhani tu, hata kwa mambo ya sasa hivi au yaliyopita, "I expect you're tired" ni nadhani umechoka dada, anakuonea huruma. Mjibu vizuri na maisha yaende.

Umepewa hongera ambayo hukuitegemea

Uliandika "I am expecting" ukaishia hapo, au ukaweka mwezi tu, "I am expecting in August". Hiyo maana yake una ujauzito na utajifungua Agosti. Ni lugha ya heshima kama sisi tunavyosema mama kijacho, na haina kosa lolote kama ndo unachotaka kusema. Kama siyo, weka unachokitarajia, "I am expecting my results in August". Mama mjamzito kwa maandishi ya hospitali ni "expectant mother", na tarehe yake ya kujifungua wanasema "the baby is due in August".

Hapohapo kwenye "expecting", ukiiweka na ing inafaa kwa kitu ambacho kiko njiani kweli, mgeni, simu, kifurushi. "I'm expecting a visitor" maana yake tumeshapanga na anakuja. Kwa maoni yako ya jumla kuhusu kesho baki na "I expect".

Umemwambia mgeni "I hope it will be very cold" akakushangaa

Mgeni aliuliza mwezi wa saba Mbeya kukoje, wewe ukataka kumwambia nategemea kutakuwa na baridi sana, ukachukua "hope". Umemwambia unaomba baridi impige. "Hope" inabeba moyo wako ndani yake, unakitaka hicho kitu na huna uhakika nacho. "Expect" haina moyo, inaweza ikaenda kwenye zuri na kwenye baya vilevile. Kwahiyo "Expect very cold nights, please bring a sweater", na hapo hata "you" haihitajiki.

Kwenye kukataa ndo kuna mtego. Mtu anakuuliza kama basi litachelewa, unataka kusema nategemea halitachelewa, usiandike "I don't hope so". Hiyo haipo. Ni "I hope not". Ila "I don't expect so" ipo na inakubalika. Sina sababu nzuri ya kukupa kwa nini moja inakubali na nyingine inakataa, zishike tu kama zilivyo, sikio litazoea.

Umeandika "I am waiting your reply"

Fupi. "Wait" inataka "for", "I am waiting for your reply". "Await" haiitaki, "I await your reply", na hii ya pili ni ya kiofisi zaidi kidogo. Na usichanganye kusubiri na kutarajia, uko stendi ya Nane Nane umekaa na begi lako unaangalia geti, hapo "I'm waiting for the bus". Uko zako nyumbani Soweto ya hapa Mbeya unapika ila unajua mzigo wako kutoka Dar unaingia usiku na basi, hapo "I'm expecting a parcel", hujasimamisha maisha yako kwa ajili yake.

Kila barua unamalizia "I look forward to hear from you" na kila siku inasahihishwa

Nimeiona kwenye barua za watu wenye digrii kabisa, na siwalaumu maana hakuna aliyewaeleza sababu. Mnaambiwa tu andika "hearing". Sababu ni kwamba hiyo "to" siyo ile ya mwanzo wa kitenzi. Zipo "to" mbili. Ile ya "I expect to hear" ni ya kitenzi, inashikana na "hear". Ile ya "look forward to" imeshikana na "forward", ni ya kuelekea, unatazama mbele kuelekea kitu fulani, kwahiyo kinachofuata lazima kiwe kitu, na kitenzi kikitaka kusimama hapo kama kitu lazima kivae ing.

Kipimo chake weka "it". "I look forward to it", inakubali. "I expect to it", inakataa. Ikikubali "it" vaa ing. Kipimo hikihiki kitakuokoa kwingine pia, "I am used to it", basi ni "I am used to waking up early", siyo "wake up".

Halafu maana yake. "Look forward to" ni kusubiri kwa hamu, kuna furaha ndani. Tumia kwa mkutano, kwa safari, kwa kuonana na mtu. Kwenye msiba usiitumie kabisa. Kuna barua za ruhusa nimeletewa zimeandikwa "I am looking forward to my grandmother's burial", kijana wa watu amefiwa na bibi yake Tukuyu, machozi bado yapo, na barua inamwambia bosi anasubiri mazishi kwa hamu. Hiyo ilinisikitisha kwa sababu mtu akiwa kwenye majonzi ndo anahitaji maneno yamtendee haki kuliko wakati mwingine wowote. Andika "I will be attending my grandmother's burial in Tukuyu on Saturday and I request two days' leave". Inatosha.

Umeweka "anticipate" ili barua ionekane ya kisomi, na sasa inasomeka vibaya

Kwanza umbo. "I anticipate to arrive on Monday" haipo. Ni "I anticipate arriving on Monday", na kwa kweli hapo ningekushauri urudi "I expect to arrive on Monday" ulale salama. "I anticipate you to" nayo haipo kabisa.

Ya pili ni maana. Kwenye Kilatini hili neno ni kushika kabla, "ante" kabla na "capere" kushika, yani mkono umeshafika pale kabla kitu chenyewe hakijafika. Fikiria dereva anashuka mlima Kitonga. Anafika sehemu anakuta matawi ya miti yametandikwa kwenye lami, kila mtu wa njia hii anajua maana yake, kuna gari limekufa mbele kwenye kona. Abiria wa siti ya mbele ameyaona matawi, anajua kuna kitu kinakuja, huyo "expects a broken-down lorry". Dereva yeye ameshaweka gia ndogo, ameshabana kushoto, mkono uko kwenye honi, na semi lenyewe hata hajaliona bado. Huyo "anticipates" it. Wote wawili wanajua kitu kilekile ila mmoja ameshachukua hatua.

Kwahiyo jiulize, kuna kitu nimefanya mapema kwa sababu ya hicho ninachokiona kinakuja? Kama kipo, "anticipate" ni lako. "We anticipated the frost and covered the seedlings", tuliona jalidi inakuja tukafunika miche, hiyo imekaa sawasawa na mtu wa Makete au Njombe ataielewa bila maelezo. Golikipa pale uwanja wa Sokoine aliyeusoma mpira akaruka kabla mshambuliaji hajapiga, "he anticipated the shot". Ukiwa hujafanya chochote, unatarajia tu, "expect" inakutosha.

Ni kweli Waingereza na Wamarekani wengi siku hizi wanaitumia "anticipate" kama "expect" iliyovaa suti, utaikuta kwenye ripoti za makampuni, "we anticipate higher prices". Haihesabiki kosa. Ila wapo wasomaji wakali ambao bado hawaipendi, na wewe hujui barua yako inaangukia kwa nani, alafu tofauti yenyewe ni nzuri na inasaidia, mi naona tuitunze.

Umetafsiri utabiri na imetoka kama mahubiri

Kutabiri letu linabeba mtu wa hali ya hewa, nabii na mpiga ramli wote kwenye gari moja. Kingereza kinawashusha kila mtu kituo chake. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa utabiri wa msimu kwa mikoa yetu hii inayopata mvua mara moja kwa mwaka, Novemba mpaka Aprili, hiyo ni "forecast", na ukisoma maandishi yao ya Kingereza utakuta "rains are expected" na "likely", lugha ya kuacha nafasi. "Predict" ni kusema kitakachotokea kwa kufuata ushahidi au hesabu. "Foresee" ni kuona mbele, tunaitumia sana kwenye kukanusha, "I don't foresee any problem", sioni tatizo lolote mbele. "Prophesy" ni ya manabii, na hapo angalieni herufi, yenye s ni kitenzi na mwisho inatamkwa "sai", yenye c, "prophecy", ni unabii wenyewe na inatamkwa "si". Ukiandika kwenye ripoti ya kilimo kwamba mvua zimekuwa "prophesied" msomaji anatafuta jina la mchungaji.

Vidogo vidogo vinavyoletwa mezani

"Thanks in anticipation" mwisho wa barua, tumefundishwa wengi na bado inaandikwa sana. Ni asante ya kabla, unamshukuru mtu kwa kitu ambacho hajakubali bado kukifanya, na wengine wanaona umeshawaamulia. "Thank you for your time" haina shida hiyo.

"Life expectancy" ni wastani wa umri ambao watu wanatarajiwa kuishi, inakuja kwenye mitihani na kwenye ripoti za afya, isitafsiriwe kama matumaini ya maisha.

"Due" kwenye ratiba ni muda kitu kinatarajiwa kufika, "the bus is due at noon", ila kwenye mkopo "payment is due on the 30th" maana yake tarehe 30 lazima uwe umelipa, hapo hakuna kutarajia.

"Unexpected" ni la ghafla, lisilotarajiwa. Watu wanalichanganya na "unsuspected", hilo ni kitu ambacho hakuna aliyeshuku kwamba kipo. Ugeni wa ghafla ni "unexpected visitors".

Na "expectorant" kwenye chupa ya dawa ya kikohozi haina undugu wowote na "expect", imetoka kwenye Kilatini cha kifua, ni dawa ya kutoa makohozi. Ukimsomea mama maelekezo ya kwenye boksi la dawa ya mwanae mwambie hivyohivyo, itamsaidia mtoto kukohoa makohozi yatoke, na kama kikohozi kimepita wiki mbili ampeleke zahanati akapimwe.